Mtoto Aliyekua kwa Salamu

Kwa miaka minne aliyoishi Gulfton, mtaa wa Houston, Marekani, Hasina hakuitwa Hasina na mtu yeyote isipokuwa karani wa ofisi ya nyumba, na huyo naye alilitafuta jina kwenye karatasi kwanza kabla ya kulitamka. Wengine wote walimwita Mama Swafwani. Walimwita hivyo Watanzania, Wakenya na Wakongo waliotapakaa katika majengo yale, na watoto wao pia, ambao kila kitu walikijibu kwa Kiingereza lakini jina hilo walilitamka sawasawa. Hata mama mmoja wa Kisalvador, jirani wa chini, ambaye hakujua neno jingine la Kiswahili, alikuwa akimwona anapita na mfuko wa dukani huinua mkono dirishani akasema, "Mama Safani." Hasina huitika "Abee" na kuendelea na safari yake.

Mtaa wenyewe haukuwa wa kujivunia. Majengo ya ghorofa moja yalizunguka uwanja wa kuegeshea magari, na katikati ya uwanja palikuwa na bwawa la kuogelea lililokwisha kufukiwa udongo, watoto wakachezea mpira juu yake. Lango la umeme lilikuwa limekufa zamani. Taa mbili za uwanjani ziliwaka mchana kutwa na kuzimika jua likizama, sijui zilikuwa zikifuata saa za nchi gani. Ukiegesha gari mahali si pako, ukapanda ngazi mara moja kufuata ufunguo uliousahau, ukishuka unakuta lori la kuvuta magari limeshaondoka nalo, na siku yako imekwisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya pale: lango, taa, lori, na mashine ya tatu ya kufulia ambayo ilimeza sarafu na haikuzunguka.

Hasina aliyasikia hayo yote kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Gari la kuvutwa hakuwa nalo. Alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, akikunja mashuka tangu alfajiri hadi saa nane mchana, kisha anapanda basi na kurudi. Joto la Houston, lile la unyevu linaloigandisha nguo mgongoni, lilimlevya kidogo, kwa kuwa ndilo joto alilozaliwa nalo. Jioni ndege weusi walikuja kwa maelfu wakatua kwenye nyaya za umeme juu ya duka kubwa la pembeni, na kelele zao zikafunika za magari. Saa hiyo Hasina alikuwa akisimama juu, penye vyuma vya ukingo wa ghorofa, amejifunga leso, kikombe cha chai mkononi, na ukimtazama usoni ungejua kwamba hayupo pale. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Hapa niseme mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji. Swafwani alifariki Mombasa mwaka 1988, kwa homa ya siku tatu, naye ana miaka minne. Gulfton nzima hapakuwa na aliyejua.

Wala msimwite Hasina mwongo upesi hivyo. Kwao Pwani mwanamke akishazaa, mtoto wa kwanza humpa mama yake jina, na mtoto akiondoka duniani jina halirudishwi. Mama Swafwani alikuwa Mama Swafwani siku ya mazishi, na siku ya arubaini, na siku alipomfuata mumewe Mwadini huko Irving, kwenye jimbo lilelile la Texas, karibu na uwanja wa ndege, Mwadini akiendesha gari la kubebea abiria na mizigo yao. Mwadini naye alimwita hivyohivyo mpaka siku aliyompa talaka. Hakuwa mtu mbaya, Mwadini, ila kila mmoja alikuwa akimwona mtoto katika uso wa mwenziwe, na wakachoka kutazamana. Hasina akapanda basi la Houston na sanduku moja, mwaka 1994, mjini asikokuwa na mtu.

Wiki ya kwanza alishuka na nguo zake kwenye chumba cha mashine. Alimkuta mwanamke mnene, mtu mzima kuliko yeye, amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Ndiye Prudensia, Mtanzania wa Bukoba, mhudumu wa wazee, na pia, bila ya kuchaguliwa na mtu, msemaji wa majengo yote kwa meneja. Alisikia Hasina akinong'ona "bismillahi" wakati wa kufungua mashine, akageuka.

"Mswahili wewe?"

"Naam. Wa Mombasa."

"Karibu, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Njema."

"Mama nani wewe?"

"Mama Swafwani."

"Na Swafwani hajambo?"

"Hajambo," akasema Hasina.

Ndivyo tunavyojibu sisi. Mtu yuko kitandani, mifupa inamwuma, macho mekundu, ukimwuliza hujambo atakwambia sijambo, na baada ya hapo ndipo akueleze kwa urefu namna anavyokufa. Kwanza hutoka jibu, kisha hufuata habari. Hasina alikuwa ameshavuta pumzi aseme habari yenyewe. Lakini mashine ya Prudensia ilifika mwisho ikalia, Prudensia akainuka kutoa nguo zake huku akilalamika juu ya sabuni za Marekani, na pumzi ile ikashuka bure. Wiki iliyofuata Prudensia alimwuliza tena, na safari hii jibu lilikuwa limeshazoea njia.

"Yuko na nani?"

"Na dada yangu Nahla, Kibokoni."

Haukuwa uongo mtupu. Kutoka nyumba ya Nahla hadi makaburini ni mwendo wa miguu, na Nahla ndiye aliyekuwa akienda kung'oa majani.

Basi mtoto akaanza kukua. Prudensia alipouliza yuko darasa la ngapi, Hasina alihesabu miaka kwa vidole ndani ya mfuko wa koti, akasema la nne. Mwaka uliofuata likawa la tano. Kerubo, binti wa Kisii aliyekuwa akisomea uuguzi na kulala mchana, alimwuliza kama Swafwani anapenda hesabu, na Hasina akafikiri, akasema hesabu anaweza, insha ndizo zinazomtesa. Clothilde alipohamia na watoto wake watatu, Mkongo wa Bukavu aliyepitia makambi mawili, alisema, "Mama Swafwani, unamukumbuka sana mutoto," na Hasina akajibu sana. Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Wakati mwingine, akikunja mashuka, alimwona. Hakuwa akimwona kwa kichaa. Akili zake zilikuwa timamu na mashuka yake yamenyooka. Alimwona kama unavyomwona mtu uliyeambiwa yuko njiani anakuja. Akiwa na miaka kumi na moja alikuwa mwembamba, magoti yamemtoka, anaegemea vyuma vya ghorofa na kuwatazama wanaocheza mpira penye bwawa bila kuomba kucheza. Alipofika kumi na mbili alianza kuoga bila kusukumwa. Kumi na tatu sauti ikavunjika, akawa anasema kidogo. Alikuwa mpole, msikivu, mwenye adabu, mtoto wa kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, na watu wazima wakimsalimia anainamisha kichwa. Hasina alikuwa na furaha. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna watakaomhurumia. Katika miaka ile mwanamke huyu alikuwa na furaha ya utulivu ambayo wengi wa hao hawana. Mara ishirini kwa siku mtu fulani alilitaja jina la mwanawe kwa sauti, kwenye ngazi, kwenye kituo cha basi, penye masanduku ya barua, na kila lilipotajwa mtoto aligeuza shingo.

Prudensia alimwombea kila Jumapili. Alikuwa na orodha, kwa kuwa Prudensia hakumwamini Mungu kukumbuka mwenyewe, na Swafwani alikuwa wa sita, baada ya wanawe na kabla ya lango la umeme. Mwaka 1998, mtoto alipofikia kufanya mtihani wa darasa la nane, alimpandisha akawa wa pili.

Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, mambo yakafika pabaya.

Kerubo alikuwa amemaliza masomo, amepata kazi, na kwa mara ya kwanza alikuwa na nauli ya kwenda nyumbani. Jumamosi moja aliingia kwenye chumba cha mashine amevaa ndala, macho yamevimba kwa usingizi, akatangaza.

"Na-travel tarehe kumi na tano. Kuna harusi ya rafiki yangu Mombasa, so nitakuwa huko siku tatu hivi. Mama Swafwani, nita-pass kwenu nimwone kijana. Nipe tu directions."

Kabla Hasina hajafungua mdomo, chumba kizima kilikuwa kimeshapanga safari. Prudensia alisema mtoto apelekewe mkoba wa shule, maana anaingia sekondari. Mama wa Kisalvador, aliyeelezwa na binti wa Clothilde kwa Kihispania cha shuleni, alikwenda mbio kwake akarudi na sweta. Clothilde, ambaye nyayo za viatu vyake mwenyewe zilikuwa zimegundishwa kwa gundi, alisema, "Viatu ni miye. Mutoto ule ni wa siye wote. Anavaa namba gani?"

Walimtazama wote. Hasina alikuwa ameshika shuka kwa ncha mbili. Alifunga macho kidogo, akamtafuta mtoto, akamtazama miguuni. Swafwani wa miaka minne alikuwa na nyayo pana, za babake. Akakumbuka viatu vya Mwadini mlangoni kule Irving.

"Nane na nusu," akasema.

Clothilde alivinunua Jumatatu, vyeusi, vya kamba, akavileta katika boksi lake avione mama mtu kwanza. Hasina alitia mkono ndani ya kiatu kimoja mpaka vidole vikagusa mbele. Kilikuwa na nafasi kubwa. Usiku ule ule, yaani asubuhi ya Mombasa, alikwangua kadi ya simu na kumpigia Nahla.

"Kuna mtu aja huko," alimwambia. "Msichana, mwuguzi, ataka kumwona Swafwani."

"Kumwona vipi?"

Hasina akamweleza. Alieleza ovyo, akianzia katikati.

"Mwambie yuko safarini," akamaliza. "Mwambie ameenda Lamu kwa babake mdogo."

"Mama Swafwani," alisema Nahla, na alilisema jina taratibu sana. "Mimi nimemwosha mtoto huyu na mamangu. Kila Ijumaa nenda kumtazama. Wataka nisimame mlangoni nimwambie mtu ameenda Lamu?"

"Nimekuomba."

"Siwezi, dada. Akija nitamkaribisha, nitampikia, na akiniuliza nitamwambia lililo kweli. Wewe mwenyewe mwambie kabla hajaja, iwe nafuu."

Ikawa sasa kuna siku tisa. Hasina alipanda ngazi za Kerubo mara tatu. Mara ya kwanza alisikia mluzi wa birika ndani, akarudi. Mara ya pili Kerubo alikuwa amelala, ameandika kwenye karatasi ya mlangoni kwamba ametoka kazini, tafadhali. Mara ya tatu Kerubo alifungua, akamkuta amesimama, akadhani amekuja kuuaga mzigo. Akamkumbatia na kumwambia asijali, kila kitu kimeingia kwenye sanduku, hata viatu, ameviviringishia sweta visikwaruzike. Hasina akasema asante. Akashuka.

Alichokiogopa si aibu, ingawa aibu nayo ilikuwapo. Aliogopa kwamba siku Kerubo atakaporudi, watu wataacha kuuliza. Watapita kwenye ngazi wakasema hujambo, wakaishia hapo. Jina litabaki, lakini hakuna atakayelitaja huku akitarajia jibu, na mtoto aliyeegemea vyuma vya ghorofa atakuwa hana sababu ya kugeuza shingo. Kumzika alikwisha kumzika mara moja. Hakujua mtu anafanyaje kumzika mara ya pili, tena akiwa mkubwa hivi.

Wiki tatu ambazo Kerubo hakuwapo zilipita kama wiki za mtu mwenye homa. Ukungu wa Desemba ulishuka juu ya majengo, taa mbili zikawa zinawaka ndani yake mchana bila kumulika kitu, na ndege weusi walikuja mapema zaidi kila jioni. Hasina alikunja mashuka. Prudensia alimwuliza kama matokeo ya mtihani yametoka, akasema bado. Mtoto alikuja vilevile kusimama mahali pake, lakini sasa alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kamba, na hakumwangalia.

Kerubo alirudi mwanzoni mwa Januari, siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi wote walikuwa kwenye mashine. Hasina alifikiria kutokwenda, kisha akaona kutokwenda ni kujitangaza. Alimkuta Kerubo amekaa kwenye kile kikapu cha kupindua, amenawiri kwa jua la nyumbani, anakata embe kavu alizoleta na kuwagawia watoto. Aliponyanyua kichwa akamwona Hasina mlangoni, macho yake yalijaa mara moja, akayainamisha. Hasina akajua kwamba anajua.

"Haya tuambie," alisema Prudensia, anajifuta mikono. "Swafwani hajambo?"

Mashine mbili zilikuwa zikizunguka. Kerubo aliendelea kukata embe.

"Hajambo," akasema. "Anawasalimia wote."

"Viatu vilimutosha?" Clothilde akauliza.

"Vilimtosha vizuri."

"Picha je? Umetuletea picha?"

"Camera ili-jam, auntie. Pole. Lakini nimemwona. Amekuwa mrefu."

Hapo ndipo nataka mumwelewe Hasina. Alikuwa ameokoka. Binti wa watu alikuwa amembebea mzigo wake kutoka Mombasa hadi hapa, ameupitisha salama, na kilichobaki ni kunyamaza tu. Badala ya kunyamaza, moyo wake uliruka kwa tamaa. Alikuwa mbele ya mtu aliyesema amemwona.

"Mrefu kiasi gani?" akauliza.

Kerubo alimtazama. Polepole aliinuka, akaweka kisu chini, akainua mkono, kiganja kikatazama sakafu, akausogeza mpaka sawa na sikio lake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, kazi yake kuandika joto na pigo la moyo la wagonjwa bila kukosea hata tarakimu moja, na alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kufulia akipima hewa kwa ajili ya mwanamke mzima. Mkono hakuuteremsha. Alikuwa akingoja aambiwe kama kimo hicho kinatosha.

"Teremsha mkono, mwanangu," alisema Hasina.

Kisha akawaambia. Aliwaambia kwa maneno machache, kwa mpango, tangu siku ya kwanza ya homa mpaka ile Alhamisi, mwaka 1988, na kwamba hakukusudia, ilikuwa ni salamu, alitaka kuendelea kusema na mashine ikalia. Aliposema mashine ikalia alisikia mwenyewe jinsi linavyosikika, lakini hakuwa na jingine. Clothilde alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Kerubo alikuwa akilia bila sauti.

Prudensia alibaki amesimama na taulo mkononi.

"Nimemwombea," akasema. "Miaka minne. Mwezi wa kumi na moja nilifunga siku tisa kwa ajili ya mtihani wake. Siku tisa, Hasina."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Sijui alilitoa wapi jina hilo, labda kwenye karatasi za meneja. Alilitupa taulo ndani ya mashine, akatoka nje, na mlango wa wavu ukajibamiza nyuma yake.

Hasina alipanda juu na nguo mbichi. Aliziacha kwenye beseni. Alikaa kitandani akitazama mikono yake, na kwa muda mrefu hakusikia mtu kumwita, wala kwenye ngazi, wala uwanjani. Alijaribu kumtafuta mtoto penye vyuma vya ghorofa. Paliegemea fagio la jirani. Akasema moyoni basi, yamekwisha.

Alasiri iligongwa hodi. Ilikuwa hodi ya mtu aliyejaza mikono, anagonga kwa mguu. Alipofungua alimkuta Prudensia amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, mkeka kwapani, kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai zimekumbatiwa kifuani. Nyuma yake Clothilde alikuwa na sufuria kubwa. Nyuma ya Clothilde alikuwepo mama wa Kisalvador na mshumaa ndani ya glasi, na Kerubo, ameshavaa sare ya kazi.

"Tupishe tuingie," alisema Prudensia. "Tumekuja msibani."

"Dada Prudensia, ni miaka kumi sasa."

"Kwako ni miaka kumi. Kwetu sisi amekufa leo asubuhi. Wewe ulipata watu wa kukaa nao. Sisi tukakae na nani?"

Akatandika mkeka mwenyewe. Clothilde, alipoketi tu, alipiga ukelele wa kilio kama wanavyolia kwao, ukelele mrefu uliopita dirishani ukaenda mpaka uwanjani, akaita, "Swafwani, mutoto wangu, unatuacha na nani?" Na mtu asiseme alikuwa akiigiza. Mwanamke huyu hakupata nafasi ya kuwalilia wake wote aliowaacha njiani, na pengine walikuwamo nao katika kilio kile, lakini jina alilolitaja lilikuwa la Swafwani, na machozi yalikuwa yake. Mama wa Kisalvador aliwasha mshumaa akauweka juu ya televisheni. Kerubo alichemsha maji. Hasina alisimama katikati yao, mfiwa asiyejua pa kukaa, kisha akapiga magoti mbele ya Clothilde akamfuta uso kwa leso yake. Akaenda kwa Prudensia akamshika mkono, akamwambia pole, dada. Akampa pole Kerubo. Akampa pole mama wa chini, kwa Kiswahili, naye akaipokea.

Chai ilipokwisha kunywewa Prudensia alijiweka sawa mkekani.

"Haya. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Hasina alifungua mdomo aeleze habari za yule aliyemzoea, mpole, mwenye adabu, mwenye kuinamisha kichwa. Hayo yote walikuwa wanayajua. Akatafuta nyuma yake, mbali, na kwa hofu kubwa akakuta hapana kitu. Kijana yule mrefu alikuwa amekaa mahali pote. Alisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Kisha, kutoka chini kabisa, akasikia kishindo cha miguu mipana ikikimbia kwenye sakafu ya saruji, na mtu anayepiga kelele kwa nguvu kwamba hataki.

"Alikuwa mkorofi," akasema, na akashangaa. "Subhanallah, alikuwa mkorofi sana. Hatumwi, hakalishwi. Watu walikuwa wakificha vitu wakimwona aja. Na alikuwa aking'ata."

"Aking'ata?" Prudensia akauliza.

"Watu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimng'ata siku ya kwanza. Nahla alimng'ata sikio. Ukimnyima kitu hasemi neno, akutazama tu, kisha aja taratibu wadhani aja kukubusu."

Clothilde, macho bado yanamchuruzika, alianza kucheka. Prudensia alijaribu kujizuia kwa heshima ya msiba, akashindwa, mabega yakamtikisika. "Na mimi huyo ndiye niliyekuwa namwombea utulivu darasani," akasema. Kerubo alijifunika uso kwa mikono.

"Mimi siku moja nilimnyima sukari guru," Hasina akaendelea. Alikuwa akisema haraka sasa, kwa lafudhi yake ya nyumbani, bila kuwangoja. "Nilikuwa napika, mkono umeinama hivi."

Akakunja mkono wa dera lake mpaka juu ya kiwiko, akanyoosha mkono chini ya mwanga wa dirisha. Palikuwa na makovu madogo manne ya meno, meupe, yamepinda kidogo, chini ya mikunjo miwili ya ngozi. Wanawake waliinama wote kutazama. Prudensia aliyagusa kwanza, kwa ncha ya kidole, moja moja, akayahesabu, kisha akasogea ili Clothilde naye apate nafasi.